Siku Walii wa Kudia Zerga Alipofunguliwa Nati

Lakhdar hakuwa mwongo. Nalisema hili mapema kabla hamjaanza kunong'onezana, maana kwetu mtu akisikia nusu ya kisa huwa keshahukumu. Mvivu alikuwa, hilo sibishi. Mlafi pia, hilo hata mkewe atawaapia. Lakini uongo, la. Shida yake ni kwamba aliajiriwa kulinda kitu ambacho hakuruhusiwa kusema ni nini, na yeye, masikini ya Mungu, akatii.

Kitu chenyewe kilikuwa rada. Wakubwa wa mambo ya anga waliijenga juu ya kilima cha Kudia Zerga, ng'ambo ya mji wa Oran, ili waongoza ndege walioko mjini wazione ndege zinazovuka bahari kuja kwetu. Na rada haiachwi uchi ikapigwa na upepo na vumbi. Wakaifunika kwa kuba jeupe la duara, likawa linang'aa juani, ukikaa bondeni unaliona kutoka kila dirisha. Sasa niambieni, katika nchi yetu kuba jeupe juu ya kilima ni nini? Si kaburi la walii? Kila kilima chenye heshima zake kina walii wake. Kudia Zerga kilikuwa hakina, na wanawake wa bondeni walikuwa wakisimangwa miaka yote na wenzao wa kilima cha pili.

Siku ya kwanza ya kazi, bosi alimkabidhi Lakhdar ufunguo wa geti, filimbi na onyo.

"Sikiliza, we kijana. Kilichomo humu ni siri ya serikali. Mtu akikuuliza, jibu lako ni moja: siwezi kusema, nimekatazwa. Umenielewa?"

Lakhdar akasema ameelewa. Kusema kweli hata yeye hakujua vizuri kilichomo, na kwa uvivu wake hakuuliza.

Wiki haikwisha, mwanamke mmoja wa bondeni akapanda kilima na sinia la kuskusi kichwani na mshumaa mkononi. Alikuwa Mimouna, mjane mwenye ulimi ambao hata mjumbe wa serikali alikuwa akiukwepa. Akafika getini akihema.

"Salamu alaikum, mwanangu. Huyu bwana wetu mliyemjengea, jina lake nani?"

"Siwezi kusema, mama. Nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani?"

"Na wakubwa."

"Wakubwa wa wapi?"

Lakhdar akainua kidole juu, maana ofisi ya wakubwa, alivyoambiwa, ilikuwa ghorofa ya nne. Mimouna akakifuata kile kidole kwa macho mpaka mawinguni. Kisha akausikia mvumo. Rada huzunguka, na mota yake hunguruma polepole, mmm, mmm, bila kupumzika.

"Na huo mvumo? Ndivyo anavyovuma mchana kutwa?"

"Na usiku kucha, mama. Hata siku ya Idi."

"Hata siku ya Idi anamtaja Mola wake!" Mimouna akajipiga kifua. "Toba yarabi, na sisi tunakula tu!"

Lakhdar alitaka kumwambia kuwa ni mota. Wallahi alitaka. Lakini mota ilikuwa ndani ya kuba, na cha ndani ya kuba kilikuwa hakisemwi. Alipokuwa bado anatafakari, yule mama keshatua sinia, keshawasha mshumaa, keshafunga kitambaa cha kijani kwenye seng'enge, keshashuka. Na desturi mnaijua: chakula kilichopelekwa kwa walii hakirudi nyumbani, ni cha anayemlinda. Lakhdar akafunua sinia. Kulikuwa na nyama ya kondoo, njegere na maboga, na mchuzi wake pembeni. Akakaa chini akala.

Basi ndivyo ilivyoanza. Alhamisi iliyofuata wakaja wanawake wanne, na baada ya mwezi hawahesabiki. Wakampa jina la Sidi Mestour, yaani bwana aliyesitirika, kwa kuwa alikuwa walii asiyetaka kutajwa, na unyenyekevu wa namna hiyo uliwaliza wengi. Mafundi wa rada walipokuja na ovaroli zao nyeupe na masanduku ya spana, wanawake waliwapisha njia kwa adabu, wakisema hao ni wafuasi wake wa mjini wameleta nadhiri. Lakhdar alijibu kila swali kama alivyoagizwa. Kadiri alivyokataa kusema, ndivyo sifa za walii zilivyopanda, na ndivyo mkanda wa suruali yake ulivyozidi kuhama matundu.

Mimouna alimwangalia sana yule kijana mtulivu asiyetoa siri. Mwishowe akampa binti yake, Aldjia. "Mtu aliyeaminiwa walii," aliwaambia jamaa zake, "atashindwaje kuaminiwa msichana?" Kwa hiyo jueni kabisa: mke, nyumba na watoto, vyote Lakhdar alivipata kwa mgongo wa rada. Aldjia mwenyewe aliugundua ukweli mwaka wa kwanza tu wa ndoa. Alimpelekea mumewe chai, akamkuta fundi amechutama mlangoni mwa kuba anampaka walii grisi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

"Mama asijue," akasema. "Nakwambia, bwana we, asijue mpaka kiyama."

Sababu alikuwa nayo. Hajja Mimouna, maana baadaye alikwenda Makka akarudi nalo hilo jina, alikuwa havumilii kudanganywa. Binti yake mwingine, Kheira, aliolewa na bwana mmoja aliyedai ana kazi bandarini, kumbe kutwa yuko mkahawani anacheza domino. Hajja alipojua alikwenda mwenyewe akamchukua Kheira, magodoro na masufuria, mpaka mapazia akayachomoa madirishani. Yule bwana hadi leo hana mke wala pazia.

Miaka ikaenda. Juzijuzi hapa, joto lilipoanza, gari la wakubwa likapanda kilima, akashuka injinia. Alikuwa mwanamke, Ibtissem jina lake, mwembamba, mwenye haraka, miwani kaitia kichwani kisha anaitafuta. Akamwamkia Lakhdar vizuri, akamtolea habari.

"Ami Lakhdar, rada tunaing'oa."

"Mnaing'oa mwende nayo wapi?"

"Kwenye chuma chakavu. Imezeeka, vipuri vyake havitengenezwi tena. Sasa tunatumia setilaiti."

"Hiyo nayo inawekwa wapi?"

"Iko huko juu, ami, mbali kabisa, wala huioni. Sikiliza. Rada ilikuwa inapiga ukelele angani, halafu inangoja mwangwi urudi ukishaigonga ndege. Siku hizi ndege yenyewe inasikiliza setilaiti ikajua iko wapi. Ikishajua, inatangaza huku chini: mimi fulani, niko mahali fulani, naelekea kule. Sisi ni kuisikia tu."

"Mnaisikia kwa kitu gani?"

Ibtissem akamwonyesha fimbo nyeupe juu ya mlingoti, kando ya nyumba yake Lakhdar, hapo hapo kilimani. Fundi aliifunga wakati wa baridi kwa majaribio, na Lakhdar hakuwahi kuitupia jicho. Aldjia ndiye aliyeifurahia. Alikuwa ameufunga ule mlingoti kamba za kuanikia, moja juu ya nyingine, mpaka kileleni.

"Ngoja kwanza," Ibtissem akasema, akiyakodolea macho mablanketi yaliyolowa. "Hizi nguo huanikwa siku gani?"

"Jumatatu."

"Kumbe ni mablanketi yanaiziba fimbo! Nimechanganyikiwa mimi! Kila Jumatatu ndege za upande wa magharibi zinanipotea, wenzangu wanasema ni hali ya hewa!" Kisha akaviona vile vitambaa vya kijani kwenye seng'enge. "Na hivi je, ni vya kufukuzia kunguru?"

"Siwezi kusema," Lakhdar akajibu kwa mazoea. "Nimekatazwa."

Kazi yake ilikuwa salama, angehamishiwa geti la uwanja wa ndege mjini na kupewa kiti chenye mto. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni mama mkwe. Kreni ingekuja Alhamisi, ingelifungua lile kuba mbele ya bonde zima, na Hajja Mimouna angeona kwamba alimwozesha binti yake mlinzi wa bomba la chuma.

Jioni ile alimfuata Aldjia jikoni.

"Tuseme walii amehama."

"Amehama? Kwani alipandishiwa kodi?"

"Basi amekasirika, kaondoka zake."

"Kakasirishwa na nani? Mama atauliza, na wa kwanza kutazamwa ni wewe."

"Basi nitamwambia ukweli."

Aldjia akaweka kisu chini. "Mwambie. Ila nijulishe mapema, niyafue mapazia kabla hajaja kuyachukua." Alitaka iwe mzaha, lakini sauti ilimkatika, na Lakhdar akaona kuwa mkewe anaogopa kuliko yeye.

Kesho yake akanunua kahawa na sukari, kama anavyokwenda mkwe mwenye adabu, akashuka bondeni. Alimkuta Hajja amekaa juu ya godoro, simu iko juu ya mto wa kuegemea pembeni yake.

"Miloud hajapiga tangu Idi," Hajja akasema kabla hata ya salamu. Miloud alikuwa mwanawe wa pekee, fundi wa vigae huko Marseille. "Sijui vidole vimemwota ukurutu. Haya, karibu. Mbona umekuja na sukari? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Hajja. Nimekuja kwa habari za Sidi Mestour."

Hajja akajitanda mtandio vizuri. "Sema."

Lakhdar akafungua kinywa. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima. Lakini yale macho yalipomkazia, yakamponyoka yote.

"Alhamisi wanakuja watu wa serikali. Watalifungua kuba. Watamtoa."

"Watamtoa walii? Kwa amri ya nani?"

Lakhdar akainua kidole juu. Safari hii Hajja hakukifuata.

"Na wewe umewaambia nini?"

"Mimi ni mtu wa chini tu, Hajja."

"Mtu wa chini! Miaka yote umekula kwa walii ukawa hivyo ulivyo, leo anatolewa nje, umekuwa mtu wa chini! Toka. Na sukari yako beba. Alhamisi tutaonana huko juu, mimi na wanawake wote wa bonde hili."

Ndiyo hivyo. Alikwenda kusema ukweli, akarudi ameita jeshi.

Alhamisi walifika kabla ya kreni. Walikuja na matari, ubani, masinia na watoto mgongoni, wakakaa mbele ya geti, na Hajja Mimouna katikati. Ibtissem alishuka garini akapigwa na butwaa.

"Ami Lakhdar, haya ni maandamano ya nini?"

"Ni wageni."

"Wageni wa nani? Na usiniambie umekatazwa!"

Lakhdar akamvuta kando ya gari akamweleza yote mbio mbio, kuskusi, mvumo, ndoa, kila kitu. Ibtissem aliuma midomo, mabega yakawa yanamtetemeka kwa kicheko. Kisha akawaangalia wale kina mama, akaona wengine wanalia kweli, kicheko kikamwisha.

"Nenda kawaambie," akasema. "Sifungui nati hata moja mpaka uwaambie. Ni haki yao, ami."

Lakhdar akaenda. Alisimama mbele ya mama mkwe wake, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Hajja," akaanza, "kuhusu yule aliyemo ndani..."

Sasa dereva wa kreni alikuwa keshaingia kwa njia ya nyuma, ana njaa, na hakuna aliyemwambia asubiri. Mafundi walikuwa wamekwisha kulegeza nati za juu tangu jana yake. Akavuta wenzo. Kuba likapasuka kilele kama yai lililochemshwa, kipande cha juu kikapaa, na mbele ya bonde zima likatokea lile chuma, limepinda, lina kutu, linaning'iniza nyaya.

Wanawake wakaweka matari chini, wakanyoosha shingo.

"Masikini," akasema kibibi mmoja wa nyuma, "amekonda."

"Lakhdar," Hajja akasema polepole. "Kile ni kitu gani?"

"Ni rada, Hajja. Ni mashine. Hamna walii mle, wala hakupata kuwamo. Nilikatazwa kusema, na mlipoleta chakula nikazidi kukatazika. Nimewaonea haya miaka yote, na bado nilikula." Akaanza kulia hapo hapo, mtu mzima na kitambi chake.

Mkiniuliza mimi nitawaambia alistahili kila neno alilopata. Hajja alimtaja kwa ukoo wake na meno yake. Alimhesabia kondoo, kuku, siagi na asali. Wenzake wakamsaidia, kila mmoja na sinia lake. Kisha akageuka.

"Aldjia! Kafungashe nguo zako."

Aldjia alikuwa amesimama kando ya mlingoti, ameushika kwa mkono. Hakusogea.

"Nilijua, mama. Tangu mwaka wa kwanza. Ukinichukua, nitarudi kwake kwa miguu."

Hajja akakaa juu ya jiwe. Akalitazama lile chuma toka chini mpaka juu.

"Lilikuwa linafanya kazi gani?"

"Kutazama ndege, Hajja," Lakhdar akasema, akijifuta pua. "Zote zinazovuka bahari. Mchana na usiku, isipotee hata moja."

"Hata ile ya Alhamisi? Ya kutoka Marseille?"

"Hiyo ndiyo hupita hapa hapa juu yetu."

"Hata kukiwa na mawingu?"

"Mawingu kwake si kitu, Hajja," Ibtissem akadakia.

Hajja akavuta pumzi. "Miloud haniambii anakuja lini. Mwaka fulani alitokea mlangoni na sanduku, eti ananishtukiza, mimi moyo karibu unisimame. Basi ndege ya Alhamisi ikipita, sijui yumo, sijui hayumo. Ndiyo maana nilikuwa napanda huku. Nilikuwa namwambia huyu bwana: itazame yote, maana mwanangu sijui kakaa kiti gani."

Lakhdar alisimama na kofia yake mkononi.

"Mimi nilidhani unaombea magoti yako yapone," akasema.

"Magoti ni yangu, nitazikwa nayo. Walii nimsumbue kwa magoti?" Akamtazama juu mpaka chini. "Nami nimefikiri. Nilikuuliza siku ile ukasema umekatazwa. Hukuniambia ni walii. Hukusema uongo, we mwanaharamu, ulikula tu. Na kama ningewanyang'anya wake wakwe wote wanaokula, nisingebaki na mkwe. Aldjia, acha nguo zako."

Aldjia akauachia ule mlingoti, akajifuta uso kwa upande wa mtandio. Hajja alikuwa keshamgeukia Ibtissem.

"Na nyie, mkishaondoa hili, nani ataitazama ndege?"

"Haitazamwi tena, Hajja. Inasema yenyewe iko wapi. Ile fimbo inaisikia."

"Inasema yenyewe? Bila kubembelezwa?"

"Kila sekunde."

"Basi ina malezi kuliko Miloud."

Ibtissem akacheka, akafungua laptopu yake juu ya boneti ya gari. Ramani ikatokea, na juu yake alama ndogondogo zinatambaa. Wanawake wakasongamana. Akaweka kidole kwenye moja iliyokuwa imeshavuka bahari na inakuja upande wetu.

"Hii hapa, Hajja. Ya leo, ya kutoka Marseille."

Hajja akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alama ikasogea kidogo, naye akashtuka.

"Yumo?" Aldjia akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwulize injinia. Fimbo yake inajua aliyekaa ndani?"

"Hapana, Hajja," Ibtissem akasema. "Hilo halijui mtu. Inajua ndege tu."

"Basi kazi yangu iko pale pale," Hajja akasema, na akainua mikono yake miwili juu ya boneti. Wote wakainua ya kwao. Akaiombea ndege nzima, mstari kwa mstari, kiti kwa kiti, na wenye mama na wasio na mama, na Lakhdar aliitikia amin kwa sauti kuliko wote, kofia chini ya kwapa, na ile kuskusi ikapoa pale getini bila yeye kuitazama.